Elektroni hutambaa, taa inawaka papo hapo: inakuwaje?

Swali: Shuleni tuliambiwa umeme ni elektroni zinazotembea ndani ya waya. Juzi nikasoma kwamba elektroni hizo hutambaa polepole kuliko konokono. Kama ni kweli, mbona nikibonyeza swichi taa inawaka papo hapo? Na ninapolipia umeme, je, nalipia elektroni? Haziishi? Halafu kuna jambo linanikera tangu nikiwa mwanafunzi: kwa nini mishale ya mkondo kwenye michoro ya saketi huelekezwa kinyume na zinakokwenda elektroni?

Jibu: Umesoma sawa, ndugu yangu, na konokono anashinda kwa mbali. Tupige hesabu pamoja.

Chukua waya wa shaba mwembamba ambao ukiukata, pale ulipokatwa pana eneo la milimita mraba 1. Pitisha mkondo wa ampea 1. Maana ya ampea 1 ni kwamba popote utakapoweka mlinzi kwenye waya huo, kila sekunde atahesabu elektroni zipatazo 6,240,000,000,000,000,000 zikimpita. Mtu akiziona tarakimu hizo anadhani humo ndani ni mashindano ya mbio. Sasa tazama upande wa pili. Kipande cha shaba chenye sentimita 1 kila upande, kidogo kuliko dadu, kina elektroni huru zipatazo 85 ikifuatwa na sifuri 21. Jeshi ni kubwa mno, halina haja ya kukimbia; likisogea kidogo tu, idadi ile ya mlinzi inatimia. Ukigawanya utapata mwendo wa milimita 0.07 kwa sekunde. Baada ya saa nzima elektroni imesogea sentimita 26 hivi. Haijamaliza rula ya mwanafunzi.

Kwa hiyo ile sentensi ya daftarini, kwamba umeme ni elektroni zinazotembea, ina ukweli ndani yake, ila imebebeshwa mzigo usio wake. Na kwetu sisi tatizo linaongezwa na lugha. Sikiliza tunavyolitumia neno "umeme" kwa siku moja tu. "Umeme umekatika": hapo tunasema njia imefungwa, hakuna kinachopita. "Leo umeme mdogo, taa zinafifia": hapo ni volteji, yaani msukumo, umeshuka. "Pasi inakula umeme": hapo ni nishati. "Umeme umempiga": hapo ni mkondo uliopita mwilini mwake. Neno moja, mambo manne, na elektroni si jina la hata moja kati ya hayo. Elektroni ni kile kitu kinachosukumwa. Kuna msukumo, kuna kinachosukumwa, kuna kiasi kinachopita kwa sekunde, na kuna kazi inayofanyika. Ukiyachanganya, utaumwa na kichwa. Mimi mwenyewe niliumwa nacho miaka kadhaa kabla ya kuanza kufundisha.

Tuanze na kinachosukumwa. Atomu ya shaba ina elektroni 29 zinazokizunguka kiini. Ishirini na nane zimeshikwa sawasawa na haziendi kokote. Ile ya 29, ya nje kabisa, imeshikwa kwa ulegevu, na atomu za shaba zinapokusanyika kuwa kipande kimoja, elektroni hizo za nje zinaacha kuwa mali ya atomu hii au ile. Zinakuwa mali ya waya mzima. Plastiki inayoufunika waya huo nayo imejaa elektroni, tena tele, lakini kila moja imefungwa kwake. Ndiyo maana shaba hupitisha na plastiki huzuia, ingawa ukihesabu elektroni zote za kila upande huwezi kusema plastiki ni maskini.

Hapo ndipo lilipo jibu la swichi yako. Elektroni zinazowasha taa hazitoki kwenye swichi, wala hazitoki kwenye mtambo wa umeme. Zimo ndani ya taa tangu ilipotoka kiwandani. Waya umeshajaa kabla hujaugusa. Ni kama bomba refu lililojaa maji: ukifungua koki, maji yanatoka mara moja upande wa pili, na si yale yaliyoingia sasa hivi, ni yale yaliyokuwa yamesimama mdomoni. Kinachosafiri haraka ni amri ya kuondoka. Wenye kuondoka hawana haraka.

Amri hiyo ni uga wa umeme, yaani hali ya msukumo inayojaa katika nafasi na kuisukuma kila elektroni iliyomo. Unapobonyeza swichi, uga unaenea kufuata nyaya kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Mwanga huenda kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Katika nyaya nyingi zilizofunikwa plastiki, amri huenda thuluthi mbili ya hapo. Kama kutoka swichi hadi taa ni mita 10 za waya, basi amri inafika kabla sekunde haijapita hata sehemu moja kati ya sehemu milioni 20. Jicho lako halina uwezo wa kulalamika juu ya ucheleweshaji huo.

Mfano wa bomba nimeutumia, na sasa nauvunja, maana watu wengi hukwama humo. Maji husukumana kwa kugusana. Elektroni hazihitaji kugusana. Kila moja inausikia uga mahali ilipo. Bomba likikatwa maji yanamwagika, lakini waya ukikatwa hakuna elektroni inayodondoka sakafuni. Na jambo la tatu ndilo la ajabu kuliko yote: nishati yenyewe haisafiri ndani ya shaba kama maji yanavyosafiri ndani ya bomba. Mwaka 1884 mwanafizikia John Henry Poynting alionyesha kwa hesabu kwamba nishati hupita katika nafasi inayouzunguka waya, ndani ya uga wa umeme na uga wa sumaku, kisha huingia kwenye kifaa kutoka pembeni. Waya unaiongoza njia. Nikisema hivi darasani, kuna atakayenitazama kana kwamba nimeanza kuchanganyikiwa, lakini ndivyo hesabu zinavyosema, na antena ya redio, ambayo hupokea nishati bila waya wowote kutoka kwa mtangazaji, ni ushahidi wa kutosha kwamba uga unaweza kubeba mzigo peke yake.

Sasa usije ukadhani elektroni ni vivivu. Umewahi kuona kumbikumbi wakizunguka taa baada ya mvua? Kila mmoja anakwenda kwa kasi, huyu juu, yule chini, mwingine anapiga ukuta na kurudi. Lakini kundi zima liko palepale. Ukija upepo mwanana, kundi linaanza kuhama taratibu kuelekea upande mmoja, huku kila kumbikumbi akiendelea na vurugu zake. Elektroni za shaba ziko hivyo. Kila moja inakwenda huku na huko kwa kasi ya kilomita 1,600 hivi kwa sekunde, waya uwe umeunganishwa au umetupwa tu kabatini. Kwa kuwa zinakwenda pande zote, jumla yake ni sifuri, na waya wa kabatini hauna mkondo. Uga ndio upepo. Ule mwendo wa milimita 0.07 ni kuhama kwa kundi, si kasi ya mmojammoja.

Na wakati kundi linahama, elektroni zinakorofishwa njiani na mitikisiko ya atomu pamoja na kasoro na uchafu uliomo ndani ya shaba. Kila zinapokorofishwa, sehemu ya nishati zilizoipata kwenye uga inahamia kwa atomu, atomu zinatikisika zaidi, waya unapata joto. Huo ndio ukinzani. Ukitaka kuuona kwa macho, tazama jiko la umeme la koili. Waya wake mnene unaotoka ukutani ni vuguvugu tu, au hata ni baridi, lakini koili imeiva nyekundu. Mkondo unaopita humo ni uleule mmoja, elektroni kwa elektroni. Mlinzi wa kwenye waya na mlinzi wa kwenye koili wataandika idadi ileile kila sekunde. Tofauti ni kwamba koili imetengenezwa kwa mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, ambao kwa urefu na unene uleule hukinza mara 60 au zaidi kuliko shaba. Safari ni moja, lakini barabara ya pale ni mbovu, ndiyo maana joto lote linaachwa pale.

Hili linajibu nusu ya swali lako la pili. Elektroni iliyopita kwenye koili haijapungua chochote. Haijachomeka, haijageuka mwanga, haijageuka joto. Inatoka upande wa pili ikiwa na chaji ileile iliyoingia nayo, yaani ile sifa inayoifanya isukumwe na uga. Fikiria mnyororo wa baiskeli: miguu yako inasukuma mbele, gurudumu linazunguka nyuma, na mnyororo unarudi ulikotoka bila kupungua pingili hata moja. Hakuna anayesema leo nimetembea kilomita kumi nimemaliza mnyororo. Unachomaliza ni nguvu za miguuni.

Umeme wa majumbani unalifanya jambo hili liwe wazi zaidi, kwa sababu elektroni zake hata hazisafiri. Ni mkondo geu, msukumo wake hubadili upande na kurudi mara 50 kila sekunde katika nchi nyingi, mara 60 Marekani na kwingineko. Rudi kwenye waya wetu wa milimita mraba 1 wenye ampea 1: kabla elektroni haijafika popote inaambiwa irudi. Kundi linayumba mbele na nyuma kwa umbali usiofika hata sehemu moja kati ya elfu ya milimita, kama sehemu moja kati ya mia ya unene wa unywele. Elektroni iliyokuwa kwenye waya wa taa yako asubuhi itakuwa maeneo hayohayo jioni, ukiacha kule kutangatanga kwake kama kumbikumbi.

Kisha kuna transfoma, na hii ndiyo hoja ninayoipenda kuliko zote. Ndani ya transfoma ya kawaida mna koili mbili za waya zilizozungushwa kwenye chuma, na waya wa koili moja haugusani na wa nyingine. Umeme unaingia upande mmoja kwa volteji hii, unatoka upande wa pili kwa volteji ile. Kati ya hizo mbili hakuna elektroni inayovuka. Kinachovuka ni uga wa sumaku unaobadilikabadilika. Kati ya mtambo na nyumba huwa pana transfoma kadhaa. Hata kama elektroni ingeondoka mtamboni ikiwa na nia njema na subira ya miaka elfu, isingefika kwako. Anayekuuzia umeme hakuletei hata elektroni moja. Anazitikisa zile ulizonunua pamoja na nyaya zako.

Basi mita inahesabu nini? Inahesabu nishati: volteji mara ampea mara muda, kwa kizio cha kilowati-saa. Ukilipa, unalipia kazi ya kutikisa.

Hapo huwa naulizwa juu ya simu. Watu husema "nimejaza chaji", na neno "kujaza" linawafanya waamini kwamba simu iliyojaa ina elektroni nyingi kuliko iliyoisha. Haina. Betri iliyoandikwa mAh 4,000 ikijazwa kutoka sifuri, zinapita elektroni 9 zikifuatwa na sifuri 22, idadi inayokaribiana na elektroni huru za kile kipande cha shaba kidogo kuliko dadu tulichoanza nacho. Ukizipima zote kwa pamoja hazifiki hata miligramu 0.1. Lakini kila moja inayoingia kupitia ncha moja ya betri inalipwa na nyingine inayotoka kupitia ncha ya pili. Idadi ndani ya simu haibadiliki. Kilichobadilika ni mpangilio: ioni za lithiamu zimesukumwa kutoka upande mmoja wa betri hadi mwingine, mahali ambapo hazikai kwa hiari, nazo zinasubiri nafasi ya kurudi. Ukiiwasha simu zinarudi, na kila ioni inaporudi kupitia ndani ya betri, elektroni moja inalazimika kuzunguka nje kupitia saketi ili kulinganisha hesabu. Chaja inapandisha jiwe mlimani; simu inaliporomosha taratibu.

Umeona nilichofanya hapo? Nimesema ndani ya betri kinachotembea ni ioni, yaani atomu iliyopoteza au kuongeza elektroni. Huo nao ni mkondo wa umeme halali kabisa. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa ioni za sodiamu na kloridi, ambazo huenda pande zinazopingana kwa wakati mmoja. Mishipa ya fahamu inayokuwezesha kusoma mstari huu inafanya kazi kwa ioni za sodiamu na potasiamu zinazovuka ukuta wa seli. Kwa hiyo tukitaka kuwa wakali, mkondo wa umeme ni chaji inayohama, na elektroni ndiyo mbebaji mashuhuri zaidi kwa sababu ndiyo inayofanya kazi ndani ya metali. Si mbebaji pekee.

Kinyume chake, zipo nafasi ambapo elektroni kweli huhama nyumbani kwake zikabaki kwingine. Chana nywele kavu kwa kitana cha plastiki, kisha kisogeze kwenye vipande vidogo vya karatasi. Vinarukia. Kitana kimenyakua elektroni kwenye nywele, na kwa kuwa plastiki haipitishi, zimekwama juu yake. Wagiriki wa kale walilijua jambo hili kwa kusugua kaharabu, ile gundi ya miti iliyogeuka jiwe, ambayo kwao iliitwa elektron. Mwarabu naye anaposema kahrabaa kwa maana ya umeme, anataja kaharabu ileile. Sisi tuliliangalia wingu badala ya kaharabu, tukachukua jina la ule mwanga unaomulika kabla ya radi.

Na jina hilo la kaharabu linatuleta kwenye mishale yako. Jina lilitangulia kitu. George Johnstone Stoney alipendekeza "elektroni" mwaka 1891 kuwa jina la kipimo kidogo kabisa cha chaji, na miaka sita baadaye, 1897, ndipo J. J. Thomson wa Cambridge alipoonyesha kwamba miale iliyokuwa ikitoka kwenye ncha hasi ya bomba la kioo lililoondolewa hewa ni chembe nyepesi mno zenye chaji hasi. Lakini kufikia wakati huo Alessandro Volta alikuwa ameshaitangaza betri yake tangu 1800, telegrafu ilikuwa imeshazoeleka, na New York ilikuwa na mtambo wa kuuza umeme wa Thomas Edison tangu 1882. Karibu karne nzima watu walitumia umeme, wakaupima, wakauuza, bila kujua elektroni ipo. Walihitaji kuamua mkondo unaelekea wapi, na uamuzi ukafuata ule wa Benjamin Franklin, ambaye katika miaka ya 1740 aliita upande mmoja chanya na mwingine hasi bila njia yoyote ya kujua ni upi hasa wenye kinachohama. Alibahatisha, akakosea. Nadhani ni kosa ghali kuliko yote katika fizikia ya shule, ukihesabu machozi ya wanafunzi.

Mbona halikurekebishwa? Kwa sababu haliharibu hesabu. Chaji hasi ikienda kushoto, matokeo yake kwenye taa, kwenye mota na kwenye mita ni sawasawa na chaji chanya ikienda kulia. Na kwa kuwa kuna mahali kama maji ya chumvi ambapo zote mbili hutembea, mshale mmoja wa makubaliano unafaa kuliko mishale miwili ya kugombana. Uchukulie kama mshale wa hesabu, usiuchukulie kama picha ya elektroni.

Unaweza basi kuuliza tulijuaje kwamba ndani ya shaba kinachohama ni upande hasi, ikiwa matokeo ni yaleyale. Mwaka 1916 Richard Tolman na T. Dale Stewart walilijibu kwa namna ambayo abiria yeyote wa basi ataielewa. Walichukua koili ya waya, wakaizungusha kwa kasi kubwa, kisha wakaifunga breki ghafla. Basi likifunga breki, abiria hurushwa mbele. Atomu za waya zilisimama pamoja na koili, lakini elektroni huru, ambazo hazikufungwa mkanda, ziliendelea mbele kidogo, na msogeo huo ukaonekana kwenye kipimo kama mkondo wa kitambo kifupi. Upande ulioelekea mkondo ulionyesha kwamba abiria wana chaji hasi, na uwiano wa chaji yao kwa uzito wao ukakaribiana na ule uliokuwa umeshapimwa kwa elektroni za ndani ya bomba la kioo.